Kufuta nyusi za tatuu kwa leza, nani ashafanya?

Ukhti wa Mjini:
Asalaam aleikum wapenzi. Miaka mitatu nyuma, wiki moja kabla ya arusi yangu, nlichorwa nyusi za pamanenti, fundi alinifuata nyumbani. Zilikuwa kahawia nzuri tu, sasa zimegeuka nyekundunyekundu kama tofali, na upande wa kushoto umeteremka kuliko wa kulia. Kila siku alfajiri nazifunika kwa wanja kabla sijenda skuli kusomesha, nikija kutia udhu wa adhuhuri wanja wote unatoka, narudi darasani watoto wananiangalia usoni. Nimechoka jamani. Kuna saluni wanasema wanafuta kwa leza, mara moja tu zinaondoka, mashine ndo ile ile wanayotolea nywele za miguu. Ngozi yangu maji ya kunde iliyokoza na bado nanyonyesha, mtoto ana miezi mitano. Nende?

Binti Chake:
Shoga usende!! Mie nlichorwa midomo, rangi ya waridi, nkaichukia, nkatoka Pemba mpaka Dar kwenda kufutwa. Ile mashine inalia ta ta ta na unasikia harufu kama nywele zinaungua, mpigo wa kwanza tu ile sehemu ikageuka nyeusi tii kama mtu aliyelamba piko. Hapo hapo, sio kesho yake. Yule dada mwenyewe aliyenifanyia alishtuka, akaniambia itatoka yenyewe. Haikutoka. Kuuondosha ule weusi nlikwenda kwa daktari wa ngozi mara sita, kila baada ya wiki nane, na nauli ya boti juu yangu.

Mtu wa ngozi:
Nafanya kazi kliniki ya ngozi, haya ya Binti Chake nayaona. Rangi za nyusi na midomo nyingi zina chuma, yaani kutu, ndo inayotoa ule wekundu na ukahawia, na zile za waridi au za mwili hutiwa na unga mweupe wa titani ili zififie. Leza ikizipiga zinabadilika humo humo ndani ya ngozi, kutu nyekundu inakuwa nyeusi, titani inakuwa ya kijivu. Dada Ukhti, hiyo rangi ya tofali unayoisema mara nyingi ni hio kutu iliyobaki, kwa hivyo yakukute wewe pia ni rahisi sana. Daktari anayejua kazi yake atakupiga kwanza kijisehemu kidogo cha mwisho wa nyusi, halafu akurudishe nyumbani usubiri wiki kadhaa aone imekuwaje.

Na hio mashine ya nywele iogope kuliko yote. Leza ya tatuu inapiga kwa nanosekunde au pikosekunde, yaani muda mfupi mno kuliko kupepesa jicho, inavunja rangi halafu mwili unaisomba wenyewe kidogo kidogo, ya nywele inakaa kwa milisekunde, muda mrefu zaidi kwa mbali, moto unaenea na ngozi inaungua, na nyengine wala sio leza, ni mwanga mkali tu wanauita IPL. Sisi weusi mawimbi ya mwanga yaliyo salama zaidi kidogo ni yenye urefu wa nanomita 1064, lakini wekundu unataka ya 532, na hayo ndo yanayodakwa na weusi wa ngozi yetu, unaishia na mabaka meupe au kovu. Kama makovu yako huvimba mwambie daktari mapema. Macho lazima yazibwe, leza ikiingia ndani inaunguza retina, ile sehemu ya nyuma ya jicho inayoonea, na haina dawa. Na unyonyeshe kwanza, nyusi hazikimbii.

Mama wa Jang'ombe:
Mwanangu, umetaja udhu nkaona nikutoe wasiwasi. Rangi iko chini ya ngozi, maji hayazuiliki, udhu wako sahihi. Kuchora ndo tumekatazwa, na Imam Nawawi amesema kuondosha ni lazima ikiwa hakuna madhara, ukichelea kuharibika kiungo au kubaki na aibu kubwa usoni toba inatosha. Muulize na sheikh wako, lakini usikubali kuunguzwa uso kwa haraka ya kutaka kusafika.

Ukhti wa Mjini:
Mama Mungu akujaalie kheri, hilo lilikuwa linaninyima usingizi. Nimewapigia saluni nkauliza inapiga nanomita ngapi, hawajui, wanasema tu mashine mpya haina neno. Nimeghairi. Nikishamwachisha mtoto ziwa ntakwenda hospitali ya Mnazi Mmoja kuanza na daktari. Binti Chake, midomo yako sasa iko vipi?

Binti Chake:
Weusi umetoka Alhamdulillah. Ila mdomo wa juu pembeni nimebaki na baka jeupe kama punje ya mchele, mwaka wa pili huu, rangi haijarudi.