Mvule wa shuleni: uchanwe madawati au ubaki?

Mzaliwa wa Muheza: Wakuu, shule ya kijijini kwetu ina mvule mmoja mkubwa uwanjani, upo tangu enzi za mababu. Kamati inataka uchanwe mbao za madawati, watoto wanakaa chini. Wazee wamegoma, wanasema pale palikuwa pa tambiko. Nyie mnaonaje?

Fundi wa Randa: Kateni. Mvule mchwa hawaugusi, dawati lake litakaliwa mpaka na wajukuu. Mizimu haisomeshi mtoto.

Binti Kaya: Hapo kwenye mizimu umetukosea adabu. Huku Kilifi kaya za Wamijikenda, yaani makazi yao matakatifu ya kale, zimebaki misitu kwa sababu ya hiyohiyo mizimu. Mwaka 2008 UNESCO wakaziingiza kwenye urithi wa dunia. Nje ya kaya tazama palivyo, minazi na mihogo tu.

Fundi wa Randa: Dada, sijamtukana mtu. Vumbi la mvule limeniwasha pua na macho tangu ujana wangu, naujua. Kata huu, panda mwingine.

Bwana Miche: "Panda mwingine"! Umewahi kuotesha mvule wewe? Kuna kidudu, Phytolyma, kinashambulia majani machanga. Chipukizi linavimba, linaoza, mche unadumaa. Mitiki mmeiona imejipanga pale shamba la Longuza, Muheza, shamba la mvule la namna ile mmeliona wapi? Tena mvule una dume na jike. Mkikata jike, popo watabeba mbegu gani?

Mtu wa Mkoani: Mvule wa nini wakati mifenesi ipo? Mbao yake nzuri, ya manjano, na ni ukoo mmoja na mvule.

Fundi wa Randa: Mfenesi na mvule ukoo mmoja? Acha hizo.

Mtu wa Mkoani: Ukoo mmoja! Ukate wowote, utatoka utomvu mweupe. Mkuyu, mshelisheli, mforosadi, wote humo. Hata msasa, ambao majani yake wazee walisugulia mbao kabla ya karatasi ya dukani. Fundi gani hujui msasa?

Fundi wa Randa: Chunga mdomo. Aliyenifundisha kazi alinisugulisha mipini kwa majani hayo hadi vidole vikachubuka.

Jirani wa Masaka: Na mutuba je, ule mti wa kwetu Uganda? Baganda wanaubandua gome, wanalifunga shina kwa majani ya mgomba, gome linaota upya. Lile lililotoka linapondwa kwa nyundo za mti mpaka linakuwa nguo. Mti hauuawi.

Binti Kaya: Nguo sawa. Dawati utalipata kwenye gome?

Mzaliwa wa Muheza: Jamani, kikao ni Jumamosi. Huu wetu nitajuaje kama ni jike?

Bwana Miche: Subiri utoe maua. Ya dume yananing'inia, marefu na membamba kama mikia. Ya jike mafupi, manene. Waambie kamati wasishike msumeno kabla ya hapo.

Fundi wa Randa: Na watoto waendelee kukaa chini mpaka mti uchanue?

Mtu wa Mkoani: Nimeshasema, mfenesi.

Fundi wa Randa: Wewe na mfenesi wako! Leta mbao hapa niione.