Tupeane uzoefu: mliopita viwanda vya nguo Arusha na Moshi, shamba mliliacha kweli?

Wadau habari za jioni. Machalii wengi wa siku hizi wanajua Arusha ni utalii na kahawa basi, wakati kiwanda cha nguo cha Sunflag kipo pale Themi tangu 1965, Kiltex nayo ilikuwepo enzi za mashirika ya umma mpaka ikajifia, na kuna A to Z na vyandarua vyao. Na pamba yenyewe hailimwi sana huku, nyingi inatoka Shinyanga na Simiyu huko, sisi ni migomba na mahindi.

Naanza mimi. Mama alikuwa kwenye kusokota uzi, akitoka shifti ya usiku hapiti nyumbani, anaunganisha gari mpaka Usa River kupalilia, analala mchana vumbi la pamba bado liko kwenye nywele. Mshahara ulikuwa wa ada na mbolea, chakula tunavuna. Ndo maana mi nasema shamba ndilo lililokuwa linamlipia tajiri wa kiwanda, maana ule mshahara bila debe la mahindi ndani usingefika hata tarehe 15. Haya leteni zenu.

chalii_wa_sombetini: Mkuu umesema kweli ila hiyo ni nyie wenyeji. Mi nimetoka Babati, nikapanga mtaa wa Unga Limited, cherehani kutwa nzima, kiwanda sikitaji. Kodi, mchicha, maji, vyote hela!! Mwenzangu wa mashine ya pembeni anashushiwa ndizi na bibi yake kutoka Meru, mshahara wetu sawa lakini yeye ana mbuzi mi nina madeni dukani kwa mangi. Msimu wa kulima ukifika wenyeji wanaomba ruhusa, tunaobaki tunapigishwa ovataimu.

mama_wawili: Mimi nilikuwa vyandarua, kukagua matobo. Watu wanadhani ni pamba, hamna, ile Olyset (aina ya chandarua) ni plastiki inayeyushwa na dawa ikiwa humohumo ndani ndo inavutwa kuwa uzi, ndo maana ukifua dawa haiishi kirahisi. Teknolojia ya Wajapani, Sumitomo. Mi shamba nilikodisha kwa shemeji, sijutii, jembe sina hamu nalo kabisa.

wa_kibosho: Moshi msitusahau jamani, tulikuwa na kiwanda cha magunia ya katani. Babu alifanya kazi pale na kahawa yake akaiuza kwenye gunia lilelile, alikuwa anajisifu sana kwa hilo hahaha. Viroba vya plastiki vikaharibu kila kitu.

chalii_wa_sombetini: @wa_kibosho si viroba tu, na mitumba je? Shati la mtumba soko la Kilombero ulinganishe na kitambaa kipya halafu bado fundi hujamlipa.

Mitumba tuifungulie uzi wake wakuu, itatumeza. Kuna aliyewahi kulipwa kwa pisi, yaani kwa idadi ya vipande ulivyomaliza? Aje atuambie ilikuwaje wiki ya mavuno.