MJADALA: "Hapana" ya mtu mmoja itoshe kulirudisha kundi zima?

Mleta mada: Wakuu, hili linahusu uhai. Kundi limepanda mlima wa theluji kuteleza kwa skii, zile mbao nyembamba za kuvaa miguuni, mbali na viwanja vyenye walinzi. Mmoja akisema "mteremko huu siutaki", wote wageuke hata kama hana maelezo? Mimi nasema ndiyo.

Tarehe 19 Februari 2012, Tunnel Creek, karibu na Stevens Pass, jimbo la Washington, Marekani, walikusanyika watu wapatao 16, wengi mabingwa. Taarifa ya siku hiyo ilishaonya kuhusu hatari ya maporomoko ya theluji. Theluji ikaporomoka, watatu wakafa. Baadaye baadhi ya walionusurika walikiri kuwa walikuwa na wasiwasi tangu kule juu, ila waliwaamini wenzao wakanyamaza. Hilo linaniumiza kuliko yote.

Mchangiaji wa kwanza: Sikubaliani, mkuu. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mgeni wa theluji ataogopa kila kilima. Kiongozi amesoma utabiri, amechimba theluji akakagua matabaka yake. Aamue yeye.

Mchangiaji wa pili: Kiongozi naye ni binadamu. Tenerife, kisiwa cha Hispania, mwaka 1977, ndege mbili ziligongana uwanjani, wakafa watu 583. Mhandisi ndani ya ndege iliyokuwa inaanza kuruka aliuliza kama ile nyingine imeshatoka njiani. Rubani mkuu akajibu kwa uhakika kwamba imetoka, mhandisi akanyamaza. Siku hizi marubani hufundishwa: mdogo aseme, mkubwa asikilize. Mlimani nani anafundishwa kusikiliza?

Mchangiaji wa tatu: Naunga mkono, ila kusema kuna gharama. Niliwahi kukataa, wenzangu wakaniambia basi baki, wakateremka. Hawakupatwa na lolote, na tangu siku hiyo mimi ndiye mwoga wa kundi. Makubaliano yafanyike kabla ya kuondoka, si kule juu watu wameshavaa skii.

Mleta mada: Pole sana. Lakini kutopatwa na lolote si ushahidi kwamba walikuwa sahihi. Mteremko wenye tabaka dhaifu ndani ya theluji yake unaweza kuwapitisha watano ukaporomoka kwa wa sita, na wale watano wakaondoka wakijiona wataalamu. Ndiyo maana siutegemei uzoefu peke yake: mlima haukuadhibu kila unapokosea, kwa hiyo makosa yanageuka mazoea.

Na poromoko linalowafukia wateleza skii mara nyingi huanzishwa na mmoja wao. Kumsikiliza mwoga kunagharimu mteremko mmoja. Tutafute mwingine, wenye mwinamo wa chini ya nyuzi 30, usio na mwinuko mkali juu yake. Asiposikilizwa, tunashika makoleo kumfukua mtu, na robo saa ikishapita nafasi yake ya kuishi inaporomoka vibaya. Mimi ningetaka mgeni aulizwe kwanza, kiongozi aseme mwisho. Kiongozi akishatamka "twende", nani atabisha?

Mchangiaji wa kwanza: Mgeni kuulizwa kwanza, sawa, hapo umenipata. Kugeuka bila sababu bado sikubali. Angalau aseme ameona nini.

Mchangiaji wa tatu: Siku ile niliulizwa sababu nikakosa la kusema. Nilikuwa nimeona upepo ukilundika theluji upande ule tuliokuwa tunaelekea, na theluji ya namna hiyo huporomoka kirahisi, nami sikujua kwamba hiyo ndiyo sababu yenyewe.