Kurudia upasuaji wa nyonga bandia: huu ni upungufu wa Paprosky IIIA au IIIB?

Swali

Waheshimiwa madaktari, shikamooni. Niko masomoni katika upasuaji wa mifupa. Tuna mama wa miaka 67 aliyewekewa nyonga bandia miaka 14 iliyopita. Sasa anachechemea, mguu umefupika, na eksirei inaonyesha kikombe (tundu bandia la nyonga) kilicholegea na kupanda juu. Kwenye skrini nimepima milimita 41 kutoka mstari wa obturata (unaopita juu ya matundu mawili ya chini ya fupanyonga) hadi kitovu cha nyonga. Kwa madaraja ya Paprosky, yanayopima mfupa uliopotea kuzunguka kikombe, mimi nasema ni IIIA, mwenzangu anasema IIIB. Je, tofauti hiyo inabadilisha chochote tutakachofanya mezani?

Jibu la kwanza

Marahaba, Daktari. Inabadilisha mengi, ila rekebisha kwanza kipimo, kwa sababu picha hukuza. Kama kichwa cha chuma, yaani mpira wa nyonga bandia, ni cha milimita 28 na kwenye skrini kinasomeka 33, basi 41 zako ni takriban 35 halisi. Bado umevuka sentimita 3, kwa hiyo umo daraja la III, lakini kimo peke yake hakitenganishi A na B. Tazama upande wa ndani. Mstari wa Köhler, yaani mstari wa ukuta wa ndani wa fupanyonga kwenye picha ya mbele, ukiwa mzima na kikombe kimepanda kuelekea nje, hiyo ni IIIA, na mfupa wa mgonjwa unaweza kugusa asilimia 40 hadi 60 ya kikombe kipya. Mstari ukiwa umekatika, tone la chozi (kivuli cha mfupa chini ya tundu la nyonga) limefutika na mfupa wa kukalia umeliwa sana, hiyo ni IIIB.

Jibu la pili

Naongezea upande wa tiba. Kwa IIIA, kikombe chenye vinyweleo kilichofungwa kwa skrubu, pamoja na kipande cha metali ya tantalamu cha kuziba pengo la juu, mara nyingi hutosha. Kwa IIIB mfupa uliobaki haushiki kikombe peke yake. Huhitajika kizimba cha chuma kinachoegemea mfupa wa juu na wa chini, au kifaa kilichotengenezwa kwa vipimo vya mgonjwa mwenyewe kutokana na picha za CT. Kujaza shimo kwa mfupa wa kupandikiza uliosagwa na kushindiliwa, njia iliyokuzwa Nijmegen, Uholanzi, kunafaa pale shimo lina kuta. Penye ukuta uliobomoka ni lazima wavu wa chuma utangulie. Pigeni pia picha za Judet, yaani eksirei za fupanyonga zinazopigwa kwa mshazari, maana katika IIIB fupanyonga huweza kuwa limetengana vipande viwili na picha ya mbele isionyeshe. Nami huandaa vifaa vya daraja moja baya zaidi ya ninaloliona, kwa kuwa kikombe cha zamani kikishang'olewa shimo huwa kubwa kuliko lilivyoonekana. Je, maambukizi mmeyaondoa katika hesabu?

Muuliza

Nashukuru sana, walimu wangu. Kichwa ni cha 28 na kinasomeka 33 kamili. Katika picha ya mbele mstari wa Köhler umekatika, hivyo mwenzangu alikuwa sahihi. CRP, kipimo cha damu cha uvimbe na maambukizi, iko juu. Leo tumevuta maji ya kiungo kwa sindano, na upasuaji tumeuahirisha hadi majibu ya maabara yatoke.