Morogoro Road ikipanuliwa, mkulima wa Makete anapata nini?

Mtoto wa Ilula
Wakuu, poleni na majukumu. Jana nimetoka Iringa na gari dogo. Chalinze nimefika saa nane mchana, Kibaha saa kumi na mbili jioni. Hizo ni kilomita kama 79 tu. Ukishaingia zile njia nane za Kibaha hadi Kimara gari linateleza, unaanza hata kumsifu waziri.

Kwenye foleni nilihesabu malori kumi mbele yangu. Saba ya transit, yaani mizigo ya nchi jirani, makontena na shaba. Mawili ya saruji. Moja nyanya za kwetu. Tunaambiwa barabara kuu ikipanuliwa biashara ya ndani inakua, na ile barabara ya kulipia ya Kibaha hadi Chalinze, baadaye Morogoro, imezungumzwa miaka na miaka. Inakua biashara ya nani? TANROADS, wa barabara kuu na za mikoa, wana karibu kilomita 37,000. TARURA, wa barabara za vijijini na mijini, wana zaidi ya 144,000, na nyingi ni udongo. Hizo za udongo ndiko nyanya inakotoka. Mimi naona tunapanua mdomo wa chupa wakati kitako kimetoboka. Na wale madalali wanaokaa Dar bila jembe hawatashusha bei hata tukijenga njia ishirini. Karibuni.

Kenta Nyeupe
Wewe umekaa saa nne kwenye kiyoyozi umefungua uzi. Mimi nimewahi kulala Mlandizi na matenga ya nyanya, mvua inanyesha, lori moja limekata ekseli mbele na hakuna pa kupita. Unajua asubuhi sokoni inakuwaje? Mnunuzi hasemi kitu. Anapenyeza mkono hadi chini ya tenga, anautoa, anaangalia vidole. Vikitoka vimelowa bei imekatwa nusu palepale, na za tenga lingine haangalii tena, zote zimeshaoza kwa hesabu yake.

Hasara ile sibaki nayo mimi. Safari inayofuata namwambia mkulima bei imeshuka. Kwa hiyo njia nne ni za mkulima pia, hata kama hazioni. Tozo nitalipa, ilimradi ile ya zamani ibaki kwa asiyetaka kulipa.

Dalali Mstaafu
Mleta mada ulianza vizuri ukaja kuharibu mwishoni. "Bila jembe." Nani kakwambia sina jembe? Nimekaa sokoni miaka kumi na sita. Mzigo ukifika saa tisa usiku mkulima yuko kwake amelala, mimi niko macho na kuli, mlinzi na mtu wa ushuru. Mnunuzi akichukua kwa mali kauli, alipe baadaye, akatoroka, anayedaiwa ni mimi.

Bei hamtaki kuambiwa ukweli. Wakulima wa viazi wanajaza lumbesa, yale magunia ya kuzidisha, wenyewe, kwa mikono yao, hakuna aliyewashikia panga. Halafu wanakuja mjini kulia wameibiwa.

Binti Mkinga
Nilikuwa napita tu ila hapa nakaa.

"Hakuna aliyewashikia panga." Kaka, umewahi kuliona gunia likijazwa, au ulikutana nalo mjini limeshanenepa? Mnunuzi anakuja na watu wake na magunia yake. Gunia linajaa hadi mdomoni, debe sita. Hapo ndipo kazi inaanza. Wanashona wavu juu kama kilemba, mmoja anapanda anasimama juu ya viazi anashindilia kwa miguu, mwingine anaongeza. Linakuwa debe tisa, na linalipwa kama gunia moja. Mama yangu kule Makete akisema inatosha anaambiwa, "Mama, gari linaondoka, jirani yako amekubali." Na gari kweli linaondoka. Barabara yetu ikinyesha siku mbili halirudi wiki nzima, viazi vimeshang'olewa, unavipeleka wapi?

Huyo hajashikiwa panga. Ameshikiwa tope.

Mkandarasi Uchwara
Turudi kwenye mada jamani. Mnaweza kupima faida ya barabara kuu kwa mifano iliyopo. Dodoma–Iringa kilomita 260, Dodoma–Babati 251, ile ya Babati alizindua Magufuli mwaka 2018. Kabla ya hapo mzigo wa Mbeya kwenda Arusha ulishuka hadi Chalinze ndipo upinde kuelekea Segera. Sasa unakatiza katikati ya nchi. Mahindi, mpunga na vitunguu vinahama mkoa hadi mkoa bila kuiona Dar. Hiyo ndiyo biashara ya ndani ninayoijua mimi.

Dalali Mstaafu
@Binti Mkinga, dada punguza jazba. Wakinga ndio mnaoijua biashara kuliko wote nchi hii, nusu ya maduka mjini ni yenu, leo mnajifanya hamjui kuhesabu debe?

Binti Mkinga
Mkinga mwenye duka mjini ana mizani juu ya meza. Mama yangu hana.

Kenta Nyeupe
😂😂 Dalali kaa chini.

Dalali Mstaafu
Wewe Kenta unacheka nini? Hiyo lumbesa anaibeba nani kama si wewe? Unalipwa kwa gunia, ungeikataa.

Kenta Nyeupe
Mimi nalipwa kwa gunia ila barabara inanipima kwa kilo, usichanganye. Lumbesa inaniumiza hata mimi. Naambiwa magunia sitini, nafika mizani nimezidi. Hapo unapangua mzigo juani, au unalipa faini, na mwenye mzigo hapokei simu. Na msisahau mwaka ule Magufuli, akiwa waziri wa ujenzi, alipofuta ile asilimia tano ya uzito uliokuwa unaruhusiwa kuzidi kwenye mizani, 2012, malori yalisimama nchi nzima.

Mkandarasi Uchwara
Oktoba 2013, mkuu. Na Pinda, waziri mkuu, akairudisha ndani ya siku chache.

Kenta Nyeupe
2012, 2013, mimi nilikuwa nimelala chini ya gari Mikese, sikuwa na kalenda.

Binti Mkinga
Hapo hapo kwenye mizani nataka mnisaidie, maana mnajifanya wataalamu. Lori likitoka kwetu hadi Dar linapimwa mara ngapi? Makambako, Wenda, Mikumi, Mikese, Vigwaza. Linapimwa ekseli kwa ekseli, kilo zikizidi inajulikana. Lami inalindwa kweli kweli. Lakini viazi vilivyo juu ya lori hilo hilo, vinavyomlisha mwenye lami, havijapimwa hata mara moja. Vimepimwa kwa macho na miguu ya kijana wa mnunuzi. Sheria ya vipimo ipo, inasema kifungashio cha mazao kisizidi kilo 100. Malori yenye vilemba yanapita kwenye mizani yote ile mchana kweupe, kila mtu anayaona.

Mtoto wa Ilula
Dada umemaliza. Nilileta habari ya barabara ila naona uzi umekuwa wa gunia.

Stop Over 2017
Nyote mnaongelea mazao. Mimi niongelee watu. Mama yangu alikuwa na duka la unga la jumla na rejareja Kimara, nyumba nyuma, duka mbele. 2017 ikapigwa X nyekundu. Wageni wa mambo haya: X ya kijani maana yake utafidiwa, nyekundu maana yake jipange. Hifadhi ya barabara ni mita 121.5 kutoka katikati.

Barabara imejengwa, nzuri, sibishi. Mama akapanga fremu mtaa wa nyuma. Lakini nusu ya wateja wake walikuwa ng'ambo. Zamani mtoto alitumwa kilo mbili za sembe anavuka mbio anarudi na chenji. Sasa hivi nani atamtuma mtoto avuke njia nane? Wa ng'ambo wananunua kwao ng'ambo. Barabara moja imezaa miji miwili isiyojuana. Mnapohesabu biashara ya ndani mhesabu na hiyo.

Mkandarasi Uchwara
Pole kwa mama. Ila tuwe wakweli, hifadhi ile ya barabara ilikuwepo kisheria tangu 1932. Watu walijenga wakijua.

Stop Over 2017
Mama yangu kazaliwa 1951. Alipaswa kuisoma akiwa wapi?

Aliyenunua pale aliuziwa mbele ya mjumbe, akavutiwa umeme, akavutiwa maji, akalipia kodi ya jengo. Miaka yote hiyo, hiyo sheria yako ya 1932 ilikuwa imelala wapi? Iliamshwa na katapila?

Mkandarasi Uchwara
Mkuu sikuwa na nia ya kukuumiza. Nilisema sheria ilivyo.

Stop Over 2017
Nia umeiweka kwenye neno "wakijua".

Mzee wa Chalinze
Wanangu, punguzeni. Huyo kijana kapoteza nyumba, mwacheni aseme.

Binti Mkinga
Shikamoo mzee.

Mzee wa Chalinze
Marahaba mama. Mimi nina hoja ndogo. Huyo anayeisifu Dodoma–Babati anasema kweli, lakini amesema upande mmoja. Mizigo ile ya Mbeya na Arusha ilipokuwa inapita hapa, dereva alikula, alilala, aliziba pancha, alinunua maji na mkaa wa kupeleka nyumbani. Ilipohamia kule, wamefurahi watu wa Kondoa na Mtera, na mimi siwaonei wivu, nao walikula vumbi miaka mingi. Lakini hapa fundi pancha wawili wamefunga. Biashara haikuzaliwa yote, nyingine ilihama tu.

Sasa hiyo ya kulipia ndiyo naiogopa. Itazungushiwa uzio, unaingia kwa geti unatoka kwa geti. Hakuna tuta. Pasipo tuta gari halipunguzi mwendo, na lisipopunguza mwendo muuza mahindi ya kuchoma atakimbiza nini? Vijana wanalaani matuta ya barabarani, sisi tuta ndilo soko letu.

Kenta Nyeupe
Shikamoo mzee. Tuta ni soko lako, kwangu ni springi. Mwezi uliopita nimebadilisha mbili.

Mzee wa Chalinze
Na fundi aliyekubadilishia anakaa wapi?

Kenta Nyeupe
…Chalinze.

Dalali Mstaafu
😂 Mzee kamtia ndani.

Korosho Mbichi
Watu wa Morogoro Road mnadeka sana. Njia nane, njia nne, mara tuta. Sisi kusini hadi 2003 Rufiji tulivuka kwa kivuko, ndipo likaja daraja la Mkapa. Bado kile kipande cha Ndundu–Somanga, kilomita 60 tu, kikatuchelewesha miaka mingine, mabasi yananasa na watu wanalala porini. Na Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zikakata barabara pale Somanga. Siku kadhaa Lindi na Dar hazionani. Kama kuna hela ya kuongeza njia ya tano na ya sita, sisi tunaomba njia ya pili. Ya dharura tu.

Dalali Mstaafu
Hii sasa ndiyo hoja. Nilikuwa na mzigo wa nazi ukakwama siku zile.

Mtoto wa Ilula
@Mzee wa Chalinze hoja ya tuta sikuwahi kuifikiria. Ila bado narudi palepale. Wa Kondoa wamepata lami pasipokuwa na lami, maisha yamebadilika. Hapa tunaongeza njia palipo na barabara tayari. Si kitu kimoja. Kenta anasema nyanya hazitaoza, sawa, lakini na unga, sabuni, biskuti na plastiki za Dar zitapanda haraka na kwa nauli ndogo. Pale kwetu kulikuwa na mzee ana kiwanda kidogo cha sabuni. Zamani ubovu wa barabara ulimlinda. Leo mfuko wa sabuni ya Dar unauzwa Ilula pungufu ya gharama ya mzee huyo kutengeneza. Barabara ina njia mbili hata ukiita njia nane, inaleta na inapeleka.

Kenta Nyeupe
Na mama wa Ilula anayenunua sabuni kwa bei ya chini umemuuliza?

Mtoto wa Ilula
Mama wa Ilula ni mama yangu, na huyo mzee wa sabuni ndiye aliyekuwa anamwajiri kaka yangu. Sasa nimuulize yupi?

Dalali Mstaafu
Tumalize la lumbesa maana nimetukanwa hapa mbele za watu. @Binti Mkinga, mimi sasa hivi sipokei lumbesa. Mnunuzi wangu ana mizani ya kidijitali, analipa kwa kilo. Ukileta gunia la kawaida nitakuuzia kwa kilo, na risiti nakutumia kwenye simu. Ushahidi nauweka hapa uzi uone.

Binti Mkinga
Bei?

Dalali Mstaafu
Njoo inbox.

Binti Mkinga
Sema hapa hapa, si umesema mbele za watu?

Dalali Mstaafu
Bei ya soko ya siku hiyo, kamisheni yangu juu kwa kila kilo. Nimesema.

Binti Mkinga
Sawa. Nina magunia 45, mdomo umeshonwa flati, hakuna kilemba. @Kenta Nyeupe, wiki hii unapanda huku? Toka Jumanne tumeng'oa.

Kenta Nyeupe
Napanda Alhamisi na bati za mtu wa Njombe, kurudi niko tupu. Ni umbali gani kutoka lami?

Binti Mkinga
Kilomita 18.

Kenta Nyeupe
Kumenyesha?

Binti Mkinga
Jana na leo.

Kenta Nyeupe
Siingii dada. Vileteni lami nitavikuta.

Binti Mkinga
Magunia 45 niyalete na nini, bodaboda?

Mtoto wa Ilula
@Binti Mkinga bodaboda moja inabeba gunia ngapi huko?

Binti Mkinga
Moja. Kukiwa kumekauka.