Yadi ya vyuma chakavu inachoma nyaya katikati ya makazi, na kila ofisi inatusukuma kwa mwenzake

Ndugu wanajamvi,

Hapa mtaani kwetu, wilayani Temeke, kuna yadi ya vyuma chakavu ambayo kila jua linapozama huwasha rundo la nyaya za umeme na chaja za simu ili plastiki iungue ibaki shaba, na moshi wake mweusi huingia moja kwa moja kwa wapangaji waliotenganishwa na moto huo na uzio wa mabati tu. Ofisi ya mtaa imetuelekeza kata, kata ikatuelekeza manispaa, na manispaa ikatujibu kwamba moshi ni suala la mazingira, kana kwamba tulikwenda pale kulalamikia ngoma ya harusi.

Sheria ipo. Kanuni za taka za vifaa vya umeme na kielektroniki zilitungwa mwaka 2021 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, nazo zinamtaka anayekusanya au kuchakata taka hizo awe na kibali. Je, jirani yetu huyu anacho? Kama hana, anafunguaje geti kila asubuhi?

Kinachonikera zaidi ni zile TV za chogo. Vijana wanapasua kioo shingoni kwa nyundo, wanachomoa koili ya shaba, kisha vipande wanavitupa mtaroni, ilhali kioo hicho kina madini ya risasi, ambayo Shirika la Afya Duniani limekwisha kusema kwamba hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama mwilini, na watoto ndio huathirika zaidi, hasa ubongo. Mvua ikinyesha, mtaro huo hufurika hadi mlangoni kwetu. Maganda ya nyaya nayo, yakichomwa ovyo namna hii, hutoa dioksini, sumu inayokaa ardhini na mwilini kwa miaka.

Vijana siwalaumu, wanatafuta riziki, tena wao ndio wanaovuta moshi mwingi kuliko sisi. Mwenye yadi anajua fika kwamba shaba iliyomenywa kwa kisu au mashine ni safi na ina bei nzuri kuliko iliyoungua. Anachoma kwa sababu ni haraka, na yeye halali mtaa huu.

Mwenye kufahamu yadi ya namna hii iliyowahi kufungwa, tafadhali aeleze barua ilipelekwa kwa nani na ilichukua muda gani kujibiwa, kwani ya kwetu, yenye saini za wapangaji na picha za moto, inaondoka wiki ijayo.