Nautilus, Albatros au tembo wa mvuke: tujenge kipi kwa manila?

Chaki_na_Manila (Kigoma)
Wakuu, habari za jioni. Jumamosi naenda kununua karatasi za kujengea modeli ya chombo kimoja kutoka vitabu vya Jules Verne, yule mwandishi Mfaransa wa hadithi za kubuni. Nimebakiwa na vitatu: nyambizi Nautilus, Albatros ile meli ya angani inayopaa kwa mapangaboi, na tembo wa mvuke anayekokota nyumba mbili. Kipi kinafaa zaidi?

Mkuku
Kinamfaa nani? Hujasema atakayekata ni nani, printa ni ya wino wa maji au ya leza, karatasi ya gramu ngapi, wala modeli itakaa wapi. Jibu hayo kwanza.

Wembe_Mkali (Tabora)
Hata asipojibu, ni Nautilus. Kitabuni ina urefu wa mita 70 na upana wa mita 8. Kwa kipimo cha 1:200 unapata sm 35 kwa sm 4. Bomba la katikati ni karatasi ya sm 12.6 kwa 15, ongeza nusu sentimita ya ulimi wa gundi, yaani ukingo wa kubandikia. Ncha ni koni mbili za sm 10: chora duara la nusu kipenyo sm 10.2, kata pande la digrii 71 pamoja na ulimi wake, kunja. Karatasi ya gramu 160, kurasa mbili, kazi imeisha.

Ujiji_Mjini
Hiyo ni penseli iliyochongwa pande zote mbili. Nautilus ina umbo la sigara, inapungua taratibu. Weka mataruma, yaani mbavu, ya boksi gumu, duara 11, moja kila baada ya sm 3, uzipange kwenye mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo. Juu yake ngozi ya vipande 12 vyembamba kama maganda ya chungwa.

Wembe_Mkali (Tabora)
Vipande 12 ni mishono 12. Mmoja ukipinda, nyambizi imegeuka ndizi.

Mkuku
Ndizi ni nafuu. Kuna Nautilus ya mataruma iliharibika huku Mwanga kwa kosa la printa tu. Mataruma yalichapwa kwa asilimia 100. Ngozi ikachapwa kesho yake kwenye steshenari ileile, mashine ikiwa imeachwa kwenye ile sehemu ya kubana ukurasa utoshe, ikashuka hadi asilimia 97. Kwa macho huoni kitu. Lakini punguza asilimia 3 kwenye mzunguko wa sm 12.6, umepoteza karibu milimita 4, na ulimi wote wa gundi ni milimita 5. Mshono ukavutwa kwa nguvu, ukashika kama saa moja, ukaachia. Ukafungwa kwa uzi. Duara za boksi zikabonyea, mwili ukatoka na kiuno kama nyigu. Ndipo likaja wazo la kuyapunguza mataruma kwa wembe yakiwa yameshaganda kwenye mkuku. Matatu yakang'oka. Mwisho ikapakwa vanishi ya maji kuficha viraka, na kwa kuwa ngozi ilichapwa kwa wino wa maji, rangi ikachuruzika yote.
Kwa hiyo: chora mstari wa sm 10 kwenye kila ukurasa, na upime kwa rula kabla hujashika wembe.

Chaki_na_Manila (Kigoma)
Samahani, wakuu. Ni watoto 24 wa darasa la tano, saa mbili kila Jumamosi, kwa Jumamosi nne. Printa ni ya leza, nyeusi tu. Modeli itakaa maktaba, dirisha linatazama ziwa.

Pangaboi74
Watoto 24! Ungeanza na hilo. Chukua Albatros. Ina milingoti 37: 15 kila ubavu na 7 mirefu katikati, kila mmoja una mapangaboi mawili. Jumla 74. Kila mtoto akitengeneza matatu ni 72, mawili yanabaki kwako. Usijenge kwa 1:100. Mwili unakuwa sm 30, milingoti inaachana sm 2 tu, na pangaboi likizidi hapo linagonga jirani yake. Nenda 1:50, mwili sm 60 kwa 8, nafasi sm 4, pangaboi sm 3.5. A4 moja inatoa 40, kwa hiyo kurasa mbili zina akiba ya sita. Milingoti ni vijiti vya mishikaki. Weka ushanga chini ya kila pangaboi lizunguke bila kukwaruza.
Tena kitabuni, mwaka 1886, mwili wa Albatros wenyewe ni karatasi iliyolowekwa wanga na kushindiliwa kwa mashine.

Mkuku
Umesahau mawili ya kusukuma, mbele na nyuma. Ni 76. Na asije akasoma hapo akabandika kwa uji wa wanga: mende watakula meli usiku.

Ujiji_Mjini
Gundi nyeupe ya mbao, kidogo, kwa ncha ya kijiti. Ukijaza, karatasi inakunjamana. Wino wa leza unapasuka kwenye mkunjo, kwa hiyo pitisha kwanza kalamu iliyokwisha wino juu ya mstari, ukisimamia rula. Na usiiweke dirishani; upepo wa ziwa wakati wa mvua unalegeza hata manila.

Chaki_na_Manila (Kigoma)
Na tembo?

Wembe_Mkali (Tabora)
Miguu minne ikipishana milimita moja, anachechemea. Mkonga ndio bomba la moshi, unahitaji pete nyingi ndogo. Si kazi ya Jumamosi nne.

Ujiji_Mjini
Mimi ningejenga Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika. Ina mita 71 hivi, karibu sawa na Nautilus. Ziweke pamoja kwa 1:200 watoto waone. Na yenyewe ilikuwa ya kuunganisha: ilitoka Papenburg, Ujerumani, ikiwa vipande ndani ya masanduku kama 5,000, ikaunganishwa hapahapa Kigoma, ikashushwa majini 1915.

Mkuku
Mada ni vyombo vya kubuni.

Ujiji_Mjini
Ilizamishwa 1916, ikaibuliwa 1924. Miaka minane chini ya maji, hiyo si nyambizi?

Wembe_Mkali (Tabora)
Nyambizi huibuka yenyewe, ndugu yangu.

Chaki_na_Manila (Kigoma)
Wakuu, sasa ninunue manila ngapi?

Mkuku
Za chombo kipi?